Figo na Wafanyakazi Wake

Huko Syokimau, katika kaunti ya Machakos, maji hayachezewi. Nchi ni kavu, na watu wengi hununua maji ya visima virefu au yaletwayo kwa malori. Mtu wa huko hatashindwa kuifahamu kazi ya figo, kwa kuwa nazo huyatunza maji kwa uangalifu mkubwa.

Figo mbili za mtu mzima huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180 kila siku, yaani madebe kumi. Walakini mkojo utokao kwa kawaida hauzidi lita mbili. Yaliyosalia hurudishwa katika damu. Kazi hiyo hufanywa na seli, yaani chembe ndogo sana zenye uhai, ambazo mwili umejengwa kwazo kama nyumba kwa matofali. Tena seli za figo si za namna moja.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Juu ya vichujio hivyo zimekaa seli ziitwazo podosaiti. Zina vijiguu vingi vilivyopishana kama vidole, navyo huizuia protini isipotee. Namna ya pili ni seli za mirija, zenye vinyweleo kama brashi. Hizo hurudisha sukari, chumvi na sehemu kubwa ya maji. Namna ya tatu hukaa mwishoni mwa mirija, nazo hupima maji, chumvi na asidi ipasayo kutolewa. Ziko nyingine zitoazo homoni ya kuuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za damu. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo mara nyingi hupungukiwa na damu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili. Seli za mirija zikiumia zaweza kuzaliana tena, lakini podosaiti zikifa ni shida kupata badala yake. Nazo huuawa polepole, bila maumivu, na ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu. Kwa hiyo mwenye maradhi hayo asingoje kuvimba miguu, bali apimwe damu na mkojo kila mwaka. Protini ikionekana katika mkojo, ni dalili kwamba huenda kichujio kimeanza kuharibika. Wala mtu asimeze vidonge vya maumivu siku baada ya siku pasipo shauri la daktari.

Mwenye tangi hangoji likauke ndipo atafute ufa. Figo nazo zataka uangalizi huo huo.