Mikali Dirishani



Nyumba nyingi za wazee wetu hazikuwa na dirisha. Zilikuwa na mlango tu, tena mfupi. Aliyetaka kuona mambo ya kijiji aliinama, akatoka nje, naye akaonwa na wenzake. Baadaye tukajenga nyumba za matofali zenye madirisha, na dirisha likatufundisha jambo jipya, ndilo kutazama bila kutazamwa. Mtu huketi ndani penye kivuli akawaona wote wapitao njiani: mama aendaye kisimani, kijana asukumaye baisikeli yenye mzigo wa mihogo, watu wa arusi, watu wa mazishi. Atawajua wote na kuwasema wote, wala hakuna atakayemwita aje ashike upande wa jeneza.

Kitabu Kitakatifu kina habari ya mwanamke aliyetazama hivyo. Jina lake Mikali, binti wa mfalme Sauli. Habari zake zimo katika vitabu viwili vya Samweli, nazo ni za miaka kama 1000 kabla ya kuzaliwa Yezu. Wengi wetu twajua neno moja tu juu yake, kwamba alimdharau Daudi. Si haki kumjua mtu kwa siku yake mbaya peke yake. Basi tuanze nyuma kidogo.

Mikali alikuwa na dirisha lingine kwanza. Alipokuwa msichana alimpenda Daudi, akaolewa naye. Lakini Sauli baba yake alimwonea Daudi wivu, akatuma watu waizunguke nyumba yake usiku wapate kumwua asubuhi. Mikali akajua. Akamteremsha mumewe dirishani, naye akakimbia akapona. Kisha akatwaa kinyago, akakilaza kitandani, akaweka manyoya ya mbuzi kichwani pake, akakifunika nguo. Wajumbe walipokuja akawaambia kwamba Daudi ni mgonjwa. Tazameni ushujaa wa mwanamke huyu! Alimdanganya mfalme aliye baba yake, naye alijua hasira yake. Dirisha la usiku ule halikuwa mahali pa kutazamia watu. Lilikuwa njia ya kuokolea mtu.

Je, imekuwaje mtu wa namna hiyo akageuka? Maandiko hayaelezi moyo wake, lakini yanatusimulia mambo yaliyompata. Daudi alipokuwa akitangatanga porini, Sauli alimtwaa Mikali akampa mume mwingine, jina lake Palti. Miaka ikapita. Sauli akafa vitani. Daudi alipopata nguvu alidai mkewe arudishwe, akarudishwa. Palti akamfuata njiani akilia, mpaka Abneri, mkuu wa majeshi, alipomwamuru arudi, akarudi. Kila nisomapo habari hiyo namhurumia Palti, na Mikali zaidi. Wanaume watatu walimtoa, wakampokea, wakamdai, wala hatusomi popote kwamba mmoja wao alimwuliza yeye anataka nini.

Basi ikafika siku kubwa. Sanduku la Agano, alama ya Mungu akaaye kati ya taifa lake, lilikuwa limekaa miezi 3 katika nyumba ya Obed-Edomu. Daudi akaenda kulileta Yeruzalemu kwa furaha. Wachukuzi walipokwisha kwenda hatua 6 akatoa sadaka. Baragumu zikalia, watu wakapiga vigelegele, na mfalme mwenyewe, amevaa kitani kama watumishi wa hekalu, akacheza mbele ya Bwana kwa nguvu zake zote. Ninyi mnaojua kupokea mgeni mkubwa kwa ngoma, hamhitaji nieleze zaidi.

Mikali alikuwa juu, dirishani. Akalitazama Sanduku likipita. Akamwona mfalme akirukaruka, akamdharau moyoni mwake.

Angalieni neno moja dogo. Hapo Maandiko hayamwiti mke wa Daudi. Yanamwita binti wa Sauli, na baadaye yanarudia jina hilo hilo. Kana kwamba dirisha lile limemrudisha katika nyumba aliyotoka.

Tena angalieni kwamba Mikali hakusema uwongo. Daudi aliporudi nyumbani kuwabariki watu wake, mkewe alitoka kumlaki kwa maneno makali, kwamba mfalme amejivua heshima mbele ya wajakazi. Ni kweli, wajakazi walimwona. Mtu wa dirishani mara nyingi husema kweli. Aona kwamba mwimbishaji amepotea sauti. Aona kwamba mzee fulani alilewa Jumamosi, na Dominika ameketi mstari wa mbele. Yote aliyoyaona ni kweli. Lakini Sanduku la Bwana limepita chini ya macho yake, naye hakuliona! Ameona miguu ya mchezaji tu.

Daudi naye alimjibu kwa ukali, wala hakumhurumia. Mikali hakupata mtoto mpaka kufa kwake. Habari zake zinakoma hapo.

Sasa nataka kusema nanyi kwa maana ninyi mwakaa mahali pa hatari hiyo. Mkatekumeni ni mtu angojaye. Katika Kanisa la zamani, mahubiri yalipokwisha, wakatekumeni waliagwa wakatoka kabla ya sadaka ya Misa kuendelea. Katika misioni zetu za kwanza, Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza mtu afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Miaka 4! Mtoto aliyezaliwa siku ile mama yake alipoandikishwa alikuwa amekwisha kujua kukimbia mbele yake njiani kwenda kanisani.

Kungoja si kosa. Angojaye husimama mlangoni. Mlango ukifunguliwa, ataingia. Lakini mlango ukikawia, mtu aweza kuondoka polepole akahamia dirishani, wala asijue siku aliyohama. Dalili yake ni hii. Zamani alisema “kanisa letu”. Sasa asema “kanisa lenu”. Zamani, paa la kapela lilipovuja, alibeba majani ya kuezekea. Sasa ahesabu matone ya mvua. Katika kila kijiji yuko mtu wa namna hiyo. Siku ya Paska aketi kwake akiwatazama wabatizwa wapya wakipita wamevaa nguo nyeupe, naye aweza kukuambia kosa la kila mmoja. Ukimchunguza vema utakuta jeraha: aligombana na mwalimu, au aliahirishwa siku ya mtihani mbele ya watu, au alifiwa na hakuna mkristu aliyekwenda kulia naye. Ninyi mnaomcheka, mkumbukeni Palti akilia njiani.

Tena msidhani kwamba ninyi bado ni wageni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba Mama Kanisa amekwisha kuwakumbatia wakatekumeni kwa mapendo kama watu wake mwenyewe. Mwenye kukumbatiwa hana haja ya kuchungulia.

Nitamtaja upesi kijana Eutiko, maana watoto wapenda sana habari yake. Huyo aliketi dirishani katika orofa ya tatu kule Troa, Mtume Paulo akahubiri mpaka usiku wa manane, kijana akasinzia, akaanguka chini. Watu wakamwokota amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akawa mzima. Vijana wanaokaa kwenye dirisha la kapela, mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, wanaweza kuisoma wenyewe katika Matendo ya Mitume, sura ya 20.

Kuna mwingine aliyekaa dirishani miaka mingi zaidi, naye alikuwa mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Tangu utoto alikuwa mkatekumeni: alitiwa alama ya msalaba, akaonjeshwa chumvi kama ilivyokuwa desturi. Aliugua karibu kufa, akaomba ubatizo, alipopona wakauahirisha. Akakua, akawa mwalimu wa ufasaha, akaenda mpaka Milano. Huko alikwenda kanisani kumsikiliza askofu Ambrosi. Kwa nini? Ili apime ufundi wake wa kusema! Mambo yenyewe yaliyosemwa aliyadharau. Mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Ndiyo dharau ile ile ya Mikali, ya kuhukumu uchezaji na kuliacha Sanduku lipite. Lakini alirudi tena na tena, na maneno ya askofu yakamwingia pamoja na sauti yake. Alibatizwa na Ambrosi mwenyewe, Paska ya mwaka 387, naye alikuwa na miaka 32.

Miezi michache baadaye alikuwa Ostia, bandari ya Roma, pamoja na mama yake Monika, wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Wakasimama wawili tu kwenye dirisha lililoelekea bustani ya nyumba. Wakaanza kuongea juu ya uzima wa milele, wakasahau bustani, wakasahau bandari na safari. Haikupata wiki moja Monika akashikwa na homa, akafa siku ya tisa ya ugonjwa wake, umri wake miaka 56. Alikuwa amemwombea mwanawe miaka mingi kwa machozi, wala hakuchoka kumfuata.

Mwalimu akiwafundisha habari hizi, awaulize wanafunzi wake: Dirisha la kwanza la Mikali lilifanya kazi gani, na la pili lilifanya kazi gani? Augustino alitafuta nini kwa Ambrosi, na alipata nini? Swali la mwisho mimi mwenyewe sina jibu lake. Siku ile Daudi aliwagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mtu mkate wake na andazi la zabibu kavu, wakaenda nazo makwao. Je, alikuwako mtu aliyepanda juu kumpelekea Mikali fungu lake?