Damu ya Punda Wako: Mpime Akiwa Ametulia

Mkulima, punda anayekuvutia maziwa mpaka kituoni haonyeshi upesi kwamba anaumwa. Ng'ombe akipungukiwa na damu, utaona maziwa yameshuka. Punda ataendelea kuvuta mkokoteni vile vile, mpaka siku atakapolala asiinuke. Kwa hiyo yakupasa kujua habari za damu yake mapema.

Ndani ya damu mna chembe nyekundu, zinazochukua hewa kutoka mapafuni, na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Kwa punda mzima mwenye afya, chembe nyekundu hujaza karibu thuluthi moja ya damu. Lakini hesabu hii haikai mahali pamoja kutwa. Wengu wa punda, kama ule wa farasi, ni ghala. Mnyama akipumzika, chembe nyekundu nyingi hukaa humo. Akikimbia au akiogopa, wengu hujikaza na kuzimwaga mishipani. Kwa farasi akiba hiyo yaweza kufika thuluthi moja ya chembe zote, hata zaidi.

Sasa fikiri jambo hili. Daktari wa mifugo amefika. Watoto wanamfukuza punda shamba zima, anakamatwa akihema, na damu inatolewa papo hapo. Hesabu itatoka nzuri na fizi zitaonekana nyekundu, kumbe ghala lote limemwagwa. Utaambiwa hana neno, nawe kesho utamfunga mkokoteni, na minyoo inaendelea kumnyonya.

Basi mfunge tangu jioni mahali alipozoea, pamoja na mwenzake, damu itolewe asubuhi kabla ya kazi. Ukitaka kulinganisha na mwezi ujao, chagua saa ile ile. Mwili una homoni ambayo huwa nyingi asubuhi na kupungua jioni, nayo hubadilisha hesabu ya chembe nyeupe. Ukimhamisha punda banda geni au ukimtenga na mwenzake, mpango huo huvurugika. Punda hupenda mwenzake kuliko tunavyodhani.

Majira nayo yana mambo yake. Wakati wa mvua mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani mabichi, na kupe huongezeka. Wako kupe wanaoleta vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu. Ukiona mkojo wa rangi ya kahawa, au weupe wa macho umegeuka manjano, mwite daktari siku hiyo hiyo. Wakati wa kiangazi hatari ni nyingine. Punda asiyepata maji ya kutosha damu yake huwa nzito, na hesabu huonekana kubwa kuliko ilivyo kweli. Mpe maji kwanza, apumzike, ndipo apimwe.

Kuhusu banda, hapa ndipo wengi hukosea. Watu husema punda ni mnyama wa jua na mvua. Jua ndiyo, mvua sivyo: manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mjengee paa lisilovuja na ukuta upande wa upepo, sakafu iwe kavu. Zoa mavi kila siku, maana humo ndimo mayai ya minyoo huanguliwa. Mkojo ukituama, harufu yake kali huumiza mapafu, na nyasi zenye ukungu vile vile.

Wewe mwenyewe, kila asubuhi punda akiwa ametulia, funua mdomo utazame fizi. Zapasa kuwa za rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole: rangi irudi kwa muda wa sekunde 2. Zikiwa nyeupe siku mbili mfululizo, usimfanyishe kazi, mwite daktari.

Na neno moja juu ya kupe. Dawa yenye amitrazi, inayotumiwa sana kwa ng'ombe, usimpake punda kamwe. Humfunga matumbo, na yaweza kumwua. Mwulize daktari dawa inayomfaa.