Dondoo Muhimu: Kumfundisha Mwanafunzi wa Sekondari Kupanga Muda

Stadi ya kupanga muda, yaani uwezo wa kugawa saa za siku kulingana na uzito wa kazi, hufundishika kama somo jingine lolote, na mwalimu anaweza kuijenga kwa hatua zifuatazo:

• Mwanafunzi aandike kwa wiki moja jinsi anavyotumia kila saa, ikiwemo safari ya shule, kuchota maji na kupika, kwani ratiba isiyozingatia majukumu hayo haidumu.

• Ratiba ipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mtihani. Kwa kuwa mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania hufanyika Novemba, mada ngumu zianze mapema, wakati bado kuna nafasi ya kumwuliza mwalimu.

• Kazi kubwa igawanywe katika vipindi vifupi, kama ilivyo katika mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo wa Italia, ambapo dakika 25 za kusoma hufuatwa na mapumziko ya dakika 5.

• Marudio yatawanywe, kwa sababu majaribio ya mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, yaliyochapishwa mwaka 1885, yalionyesha kwamba usahaulifu huwa mkubwa zaidi muda mfupi baada ya kujifunza. Hivyo somo la Jumatatu lipitiwe Jumanne, kisha tena Jumamosi.

Walimu na wazazi waikague ratiba hiyo kila wiki pamoja na mwanafunzi, wakimsaidia kuirekebisha badala ya kumkaripia, maana nidhamu ya muda hujengwa kwa mazoezi na uvumilivu.