Kingamwili za Shabaha Mbili: Zifahamu Dawa Mpya za Saratani
Kijitabu kwa wagonjwa, walezi na jamaa zao, Kampala

Kwa nini usome kijitabu hiki

Wodini na kwenye simu, watu wanapeana habari za sindano mpya zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Habari hizo ni za kweli, ila zimetiwa chumvi. Soma ujue dawa hizi hufanya nini, na kwa nini usiache matibabu uliyoanza kwa kuzingoja.

Zinavyofanya kazi

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vijidudu. Kila moja ina mikono miwili, na kwa kawaida yote miwili hunasa alama ya aina moja. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kuzalisha maabarani kingamwili zinazofanana kabisa. Njia hiyo ndiyo iliyozaa dawa kama rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Rituximab hunasa CD20, alama iliyo juu ya seli B za kinga, ambamo limfoma (saratani za seli za kinga) nyingi huanzia.

Katika kingamwili ya shabaha mbili, kila mkono una kazi yake. Mmoja hunasa seli ya saratani. Wa pili hunasa CD3, alama ya seli T za kinga. Ni kama raia aliyemkamata mwizi sokoni huku mkono wa pili akimvuta askari: seli T hufikishwa ubavuni mwa seli ya saratani, huitoboa na kuiua.

Blinatumomab iliidhinishwa Marekani Desemba 2014 kwa aina moja ya saratani ya damu. Epcoritamab na glofitamab zilifuata mwaka 2023 kwa limfoma, na tarlatamab mwaka 2024 kwa aina kali ya saratani ya mapafu. Uvimbe mgumu, kama wa titi au utumbo, unasumbua zaidi: seli T hupenya humo kwa shida, na alama zake nyingi zipo pia kwenye viungo vizima.

Mchango wa Mulago

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyovikuta ndani yake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967, na ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani palipoonyesha kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani.

Uvimbe aliouelezea, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, hubeba CD20 kwa wingi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto wenye limfoma za seli B zilizo hatari, nyingi zikiwa Burkitt. Baada ya miaka 3, asilimia 94 ya waliopewa rituximab pamoja na kemo walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa wala kupatwa na tukio jingine kubwa; kwa waliopewa kemo peke yake walikuwa asilimia 82. Kingamwili iliongeza nguvu ya kemo, haikuchukua nafasi yake.

Madhara

Seli T zikiamshwa kwa pamoja, mgonjwa anaweza kupata homa kali, kushuka kwa presha, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa. Kwa hiyo dozi huanza ndogo na kupandishwa hatua kwa hatua, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa. Kwa dawa zinazolenga seli B, seli B nzima nazo hufa, na maambukizi hupata nafasi. Mweleze daktari ikiwa una VVU, kifua kikuu au homa ya ini aina ya B.

Usinunue dawa hizi kwa mtu yeyote nje ya hospitali.

Ukialikwa kwenye utafiti

Nchini Uganda, majaribio ya dawa hupitiwa na kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Kabla ya kutia saini, uliza:

• Dawa hii imeshajaribiwa kwa binadamu?
• Nikipata madhara usiku, nimpigie nani?
• Nani atalipia vipimo, kulazwa na nauli?
• Utafiti ukiisha, nitaendelea kupata dawa?

Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

La kufanya sasa

Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya au tumbo, meno yakilegea au jicho likitokeza, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na uombe rufaa. Kubali kukatwa kinyama cha kupimwa, kwa kuwa bila kipimo hicho daktari hawezi kujua alama ya kulenga. Kisha maliza mizunguko yote ya kemo, hata uvimbe ukiwa umeshanywea.