ELIMU KWA UMMA: KUFULI LA TOVUTI NA WAJIBU WA MWENYE NYWILA

Ndugu mkazi wa Daraja Mbili, afikaye ofisi ya kata husoma ubao wa matangazo bila kuulizwa jina, lakini masijala haiingiwi na kila mtu. Tovuti za huduma hujengwa kwa utaratibu huohuo. Matangazo ya zabuni, ada na mikutano huachwa wazi. Maombi ya leseni na taarifa za waombaji hufungwa kwa nywila.

Kufuli hilo hukaa wapi? Mara nyingi huwapo seva ya ndani inayotunza taarifa, na seva ya mbele, ambayo mafundi huiita proksi, inayopokea maombi yote kutoka kwenye intaneti. Seva ya mbele hutazama ukurasa unaoombwa. Ukiwa wa wazi, huuleta mara moja. Ukiwa wa siri, hudai kwanza jina la mtumiaji na nywila. Vikikosewa, ombi halifiki ndani.

Ili kufuli lifae, masharti matatu hutakiwa:

1. Seva ya ndani ikatae ombi lolote lisilopitia seva ya mbele. Mlinzi wa getini hana faida ikiwa ua una tundu nyuma. Hili ni jukumu la mafundi.

2. Nywila isafiri kwa njia ya siri. Hakikisha anwani inaanza na https na, kwa tovuti ya Serikali, jina lake linaishia na .go.tz.

3. Nywila ibaki kwa mwenyewe. Wafanyabiashara wengi huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI kwa msaada wa steshenari. Msaada haukatazwi; ila ukimwachia mtu nywila, mbele ya mfumo yeye ndiye wewe. Iandike kwa mkono wako, kataa kompyuta isiihifadhi, na toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Ikishajulikana na mwingine, ibadilishe siku hiyohiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa zako azilinde. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo huhesabu kuingia katika mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, hakuna kufuli linaloweza kumtambua mgeni aliyekabidhiwa ufunguo na mwenye nyumba.