Pawa Saplai ya Kiwanda Kinachoyumba: Haki za Mnunuzi

Katika kila kompyuta ya mezani, iwe ya ofisi ya chifu au ya kijana anayechapa barua na kupiga fotokopi karibu na lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega, mna sanduku la bati lenye feni ndogo, ambalo kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 240 utokao ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 unaohitajiwa na viungo vya ndani. Mafundi huliita pawa saplai, na aghalabu mwenye kompyuta halikumbuki mpaka siku linapokufa, pengine likafa pamoja na diski na bodi kuu zilizokuwa zikilitegemea. Sasa, ikitokea kwamba kiwanda kinachotengeneza bidhaa hii kimeelemewa na madeni, bei yake hushuka ghafula, maduka huipanga mbele, na mnunuzi huvutwa na unafuu pasipo kutambua kwamba anauziwa vitu viwili kwa pamoja, chombo anachokishika mkononi na ahadi kwamba chombo hicho kikiharibika yuko atakayejibu. Nataka kueleza ni sehemu gani ya ahadi hiyo ambayo sheria za Kenya zimeitia nguvu, na ni sehemu gani huzikwa pamoja na kiwanda chenyewe.

Mtu wa kwanza kudaiwa ni yule aliyepokea fedha zako. Mwenye duka akikwambia kwamba mambo ya waranti ni ya kampuni, na kampuni iko Marekani au Taiwan na haijibu simu, usiridhike na jibu hilo, kwa maana mkataba wa mauziano uliufanya na yeye, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo asili yake ni ya mwaka 1930, imemfunga kwa masharti yasiyohitaji kuandikwa wala kutamkwa: kifungu cha 14 kinataka awe na haki ya kuiuza mali hiyo, kifungu cha 15 kinataka mali iafikiane na maelezo iliyouzwa kwayo, na kifungu cha 16 kinataka, maadamu yeye ni mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora wa bidhaa istahiliyo kuuzwa. Saplai iliyoandikwa wati 600 ikazimika kwa mzigo wa wati 300 haikuafikiana na maelezo yake, na ile iliyokufa katika wiki ya pili bila taksiri ya mtumiaji yamkini ilikuwa na ila tangu ilipokuwa rafuni.

Hata hivyo kifungu hicho cha 16 kina mahali pawili pa kuteleza, na nimeona heri nikae hapo kidogo. Sheria husema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, akautegemea ujuzi wake, bidhaa haina budi kufaa kwa matumizi hayo. Lakini akiitaka bidhaa mahsusi kwa jina lake la biashara, sharti hilo la kufaa kwa kazi maalumu huondoka. Basi ukiingia dukani ukasema, "Nipe ile ya jina fulani," kwa sababu umesikia bei yake imeanguka, umejivua kinga moja kwa ulimi wako mwenyewe, ilhali ukisema, "Kompyuta yangu ina kadi ya picha ya namna hii, huwaka kutwa nzima, na umeme wa kwetu Lurambi hukatika na kurudi, nichagulie itakayohimili," naye akakuchagulia, dhima ya uchaguzi huo imekuwa juu yake. Tena, ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua, kama kutu au waya uliochubuka. Kasoro iliyojificha ndani ya sanduku lililokazwa kwa skrubu haihesabiwi juu yako, kwani mnunuzi hatakiwi kulifungua, na kwa usalama wake asilifungue kamwe, maana kapasita zilizomo huweza kushika umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa.

Risiti nyingi za madukani zina maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na watu wengi huyasoma wakanyamaza kana kwamba ni hukumu ya hakimu. Maneno hayo hayana nguvu juu ya bidhaa mbovu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 imempa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo, na ya kulipwa fidia kwa hasara iletwayo na kasoro zake. Na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, imeyabatilisha masharti yote yanayokusudia kumnyang'anya mnunuzi dhamana zile za kisheria. Sheria hiyo imekwenda mbele zaidi, ikahesabu kuwa ni hadaa kulificha jambo la maana ikiwa ukimya huo humpoteza mnunuzi. Kwa hiyo muuzaji ajuaye kwamba kiwanda kimefilisika, naye akakuuzia saplai kwa sifa ya waranti ya miaka mitano ambayo hakuna tena wa kuitimiza, ametenda lililokatazwa, nawe waweza kuuvunja mkataba na kudai fedha zako, alimradi umempa taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu mlipopatana. Sheria haikulazimishi kuiandika taarifa hiyo kwa lugha ya mawakili, ila iandike, ubaki na nakala.

Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki hizo, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote mtengenezaji anapoyumba. Mfano mashuhuri ni wa OCZ Technology, kampuni ya San Jose, California, ambayo mwaka 2007 iliinunua PC Power & Cooling, watengenezaji wa saplai waliosifiwa sana na mafundi, na Desemba 2013 ikakimbilia hifadhi ya mahakama ya ufilisi ya Marekani. Toshiba ilinunua mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 35 kwa kuwa ilizitaka diski zake za SSD. Idara ya saplai ikaenda kwa mwingine, kampuni iitwayo FirePower Technology. Mtu aliyekuwa na diski na saplai za jina moja katika kompyuta moja alijikuta anatazama wenyewe wawili tofauti, na kanuni katika mambo haya ni kwamba anayenunua mali za muflisi hachukui madeni wala ahadi zake, ila zile alizokubali katika mkataba wa ununuzi. Kwa sababu hiyo usiulize tu waranti ni ya muda gani, bali uliza ni nani anayeitoa leo, kisha umtake mwenye duka aandike kwenye risiti kwamba duka lake mwenyewe litabadilisha bidhaa au kurudisha fedha katika muda fulani. Akikataa kuandika, amekwambia mengi kuhusu bidhaa ile, na bei yake nafuu ipime upya kwa kukataa huko.

Hatari kubwa kuliko hizo humkuta anayelipa kwanza na kungoja mzigo baadaye, hasa akinunua moja kwa moja kwa mtengenezaji au mwagizaji aliye hoi. Tuseme shule ya Shinyalu imetuma fedha za saplai 20 kwa kampuni moja ya Nairobi, na kabla mzigo haujapakiwa kampuni ikashindwa kulipa madeni yake na kuwekwa chini ya msimamizi. Swali la kwanza la msimamizi litakuwa: saplai hizo 20 ni zipi? Chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, milki haihami kwa mnunuzi mpaka bidhaa zenyewe zibainishwe, na kifungu cha 20 huihamisha tangu mkataba ulipofanywa, hata mali ikiwa bado ghalani, pale ambapo bidhaa ni zile zile mahsusi zilizokwisha kubainishwa na ziko tayari kukabidhiwa, isipokuwa kama pande mbili zimekusudia vinginevyo. Shule iliyoandikiwa nambari za usajili za saplai zake, zikatengwa na kubandikwa jina lake, inaweza kusema, "Hizi ni mali yetu, tupeni;" lakini shule iliyolipia saplai 20 zozote kutoka katika rundo la mia tano haina saplai hata moja, ina deni tu.

Na kuwa na deni kwa kampuni iliyoanguka ni jambo ambalo kaunti hii ya Kakamega inalifahamu kwa uchungu. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya meneja mpokezi na benki ya KCB mnamo Septemba 2019, wakulima waliokuwa wakiidai fedha za miwa walijifunza kwamba benki yenye rehani husimama mbele na mdai asiye na rehani husimama nyuma, hata kama jasho lake ndilo lililokiendesha kiwanda. Mambo ya namna hiyo yaliwafika waliowapelekea bidhaa Nakumatt, iliyokabidhiwa msimamizi Januari 2018 na ambayo wadai wake walipiga kura ya kuifilisi miaka miwili baadaye. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mwenye rehani juu ya mali maalumu hujilipa kutoka mali hiyo. Gharama za ufilisi hutolewa. Mishahara ya wafanyakazi ya miezi minne, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mtu, hutangulia. Na serikali nayo hupewa kodi zake. Sheria imewatengea wadai wasio na rehani fungu fulani katika mali ambayo ingemezwa na wenye rehani ya jumla, na hilo ni jambo la insafu, lakini fungu hilo hugawanywa baina ya watu wengi, na anayedai bei ya saplai moja asitarajie kupata fedha zake zote.

Likikufika hilo, usikimbilie kufungua kesi dhidi ya kampuni yenyewe, kwani msimamizi akishateuliwa kesi husimamishwa, na mpya haziwezi kufunguliwa bila ruhusa yake au ya mahakama. Lililo lako ni kuwasilisha uthibitisho wa deni kwa msimamizi au mfilisi, ukiambatanisha risiti, ujumbe wa M-Pesa na barua mlizoandikiana, ndani ya muda uliotangazwa. Matangazo hayo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Na kabla ya kutuma fedha nyingi kwa kampuni usiyoijua, waweza kuomba taarifa zake katika daftari la kampuni kupitia eCitizen, au ukapate msaada katika Huduma Centre iliyo mjini.

Juu ya usalama nitasema machache. Baadhi ya saplai, hasa za zamani zilizoletwa kutoka nje zikiwa zimekwisha kutumika, zina swichi nyuma yenye alama mbili, 115 na 230; ile iliyoachwa kwenye 115 hupasuka mara tu inapochomekwa kwenye umeme wetu, na muuzaji aliyekukabidhi hivyo bila kukuonya asiseme kwamba umeiunguza wewe. Kwa bidhaa inayobeba alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwenda 20023, ili ujue kibali hicho ni cha nani na kama kingali hai.

Mwenye duka akikataa katakata, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, yenye uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pamoja na yale ya mauziano ya bidhaa. Fika katika masijala ya Mahakama za Kakamega uulizie dawati lake. Mahakama hii imepewa siku 60 za kuamua shauri tangu lilipofunguliwa, haikufungwa kabisa na kanuni za ushahidi zinazowatisha watu, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili ukazungumza Kiswahili, ambacho Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha rasmi. Rufani huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, kwa hiyo mambo ya ushahidi yamalizwe pale pale. Utetezi utakaousikia ni kwamba umeme uliruka, au kwamba fundi wako aliifungua saplai; basi siku ile ile inapozimika usiuguse muhuri wake, ipige picha pamoja na nambari yake ya usajili, upate maandishi ya fundi yenye tarehe yanayosema alivyoikuta na vyombo gani vingine vya nyumba hiyo vilisalimika. Sheria imekupa miaka sita ya kudai haki itokanayo na mkataba, lakini fundi akiulizwa mwaka wa tatu kilichoua saplai iliyokwisha kutupwa hatakuwa na la kujibu.