Hawala ya Wasomali

Hawala katika fiqhi ya Imamu Shafii ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu hata dhima ya mwingine. Hii ya Wasomali haiko hivyo khasa. Yakaribiana zaidi na uwakala. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mabenki nayo yalianguka. Basi siku hizo mtu aliyeko Dubai alikuwa akimkabidhi wakala fedha, khabari ikapelekwa kwa redio au simu, na mamaye aliyeko Mogadishu akalipwa baada ya kutambulikana ukoo wake. Mawakala walikuwa wakilipana baadaye, pengine kwa bidhaa. Aliyekuwa akiwashurutisha ni nani? Lilikuwa jina jema tu. Novemba 2001 Marekani ilizuia mali ya Al-Barakaat kwa tuhuma ya ugaidi. Wachunguzi wake, katika taarifa ya 2004, hawakuona ushahidi wa kuithibitisha. Na mama aliyekuwa akingoja posho alikwisha kurudi mikono mitupu.